Fort Jesus, Mombasa: ingia kuitazama ngome, lakini uulize habari za mji

Mwenye nusu siku moja tu Mombasa aipeleke Fort Jesus, ila aende na mpango. Ngome ipo pale Nkrumah Road inapoishia baharini, hatua chache kutoka Treasury Square. Tuktuk yoyote kutoka feri ya Likoni au katikati ya mji itakufikisha langoni. Ukimwambia dereva "Fort" inatosha. Milango hufunguliwa kila siku saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Viwango vya kiingilio vinatofautiana kwa raia wa Kenya, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wa mbali, kwa hiyo beba kitambulisho, cha mtoto mkubwa pia. Malipo ya taasisi za serikali sasa yanapita kwenye simu; njoo umeshaweka salio la M-Pesa na chaji ya kutosha, usije ukakwama mlangoni na noti mkononi.

Ziara yenyewe tunaipa alama za juu. Tatizo ni namna inavyozoeleka kufanywa. Mgeni hupitishwa kwenye orodha ya watawala: Wareno wakajenga, Waomani wakateka, ukoo wa Mazrui ukatawala, Zanzibar ikachukua, Waingereza wakafanya jela. Ukitoka na orodha hiyo peke yake, umejua majina ya wenye nyumba bila kuwajua waliokuwa wakiishi ndani. Katika kila zamu, aliyeamua nani aishike ngome na nani aiachie alikuwa mtu wa mji: Mswahili wa Thenashara Taifa (makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa), na jirani yake Mmijikenda wa bara aliyekuwa na pinde, chakula na njia za kuvukia kisiwani. Jengo lina ushahidi wa hayo karibu kila kona. Inabidi tu ujue pa kutazama.

Fika saa mbili, mlango ukifunguliwa. Kuanzia saa nne jua linaanza kurudi usoni kutoka kwenye kuta za matumbawe, na juu ya maboma, zile ngome ndogo za kona, hakuna kivuli. Kati ya saa sita na saa tisa watu wengi huchoka, wakaruka nusu ya ngome. Beba lita moja ya maji kwa kila mtu na uvae viatu vyenye nyayo za kushika. Ngazi za mawe zimelainishwa na miguu, na mvua ikinyesha zinateleza. Mzee wa magoti au mwenye kigari cha mtoto ataona vizuri uani na kwenye kumbi za chini, lakini kupanda maboma kutamsumbua.

Kuhusu viongozi wa ziara: wapo wa ndani, na wapo wanaokungoja nje. Wengine ni hodari kweli. Kabla ya kukubaliana bei, na mkubaliane kabla ya kuingia, muulize maswali matatu. Nani aliishika ngome katikati ya 1697, Wareno wote walipokuwa wamekufa? Nani aliwatoa Wareno 1729? Tatu Taifa (matatu kati ya yale makundi kumi na mawili) ni zipi? Akijibu Bwana Daud wa Faza, watu wa Mombasa wenyewe, na Kilindini, Tangana na Changamwe, mlipe anachotaka. Akikujibu "Waarabu" kwa yote matatu, mshukuru na uingie peke yako.

Usipite langoni mbiombio. Simama utazame juu. Pale pana bamba la mawe lenye maandishi ya Kireno ya 1639, na ndiyo nyaraka ya kisiasa iliyo bora kuliko zote ndani ya ngome. Liliwekwa na nahodha Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome 1635 akiwa na miaka 27. Anajisifu kwamba aliijenga upya ngome, akawatiisha watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao, akawatoza kodi wafalme wa Utondo, Mandra, Luziwa na Jaka, akabomoa kuta za Pate na Siyu, akawaadhibu "Wamusungulo", na Pemba akawaua wakuu wa mji. Musungulo ni jina ambalo Wareno waliwaita watu wa bara nyuma ya Mombasa. Sasa lisome bamba lile kinyume. Mtu haandiki orodha ndefu ya waliopigwa ila kama wote hao walikuwa wamesimama dhidi yake. Bamba la ushindi linakuonyesha ramani ya upinzani, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Pemba, pamoja na bara.

Mfalme anayetajwa hapo kama dhalimu ni Yusuf bin Hasan. Alilelewa na mapadri Goa, makao makuu ya Wareno huko India, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa kutawala 1626. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kama mtu anayezuru, akamwua nahodha Pedro Leitão de Gamboa, na Wareno wa mjini wakauawa siku zilizofuata. Ngome ilianguka bila ngazi wala mzinga kwa sababu lango lilifunguliwa kwa mtu anayefahamika. Mwanzoni mwa 1632 kikosi kutoka Goa kikaja kuizingira, kikashindwa. Yusuf aliondoka mwenyewe baadaye mwaka huo kwa jahazi, baada ya kuharibu alichoweza. Kwa hiyo ile ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, iliwashinda Wareno wenyewe walipokuwa upande wa nje.

Ukishaingia, panda boma lolote kabla ya kuingia ukumbini. Maboma ni manne: San Felipe, San Alberto, San Matheus na San Mathias. Tazama jinsi pembe zake zinavyochomoza nje ya ukuta, kisha ukuta ukarudi ndani. Maana yake ni kwamba adui akifika chini ya ukuta mmoja, anapigwa ubavuni kutoka boma la pili. Kuta zina kimo cha kufika mita 15 mahali pengine, zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe na zimezungukwa na handaki upande wa nchi kavu. Eneo lote, pamoja na handaki, ni hekta 2.36. Ni mpango mzuri wa kivita, lakini una sharti moja: kila ubavu uwe na mtu wa kufyatua. Askari wakipungua, zile pembe zinageuka kuwa mahali pa adui kujificha. Zunguka juu mara moja kwa mwendo wa kawaida, uhesabu ni sehemu ngapi ungeweka walinzi wawili wawili usiku na mchana kwa zamu. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, yaliyotokea 1696 yataeleweka bila maelezo marefu.

Meli za Oman zilifika Machi 1696. Wazee wa Mombasa walikuwa wameshapeleka malalamiko yao Oman miaka mingi nyuma, na mji haukuwatetea Wareno. Ndani ya ngome walikuwamo Wareno wapatao 50 hadi 70, pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao, na wanawake na watoto wao. Hapa ndipo masimulizi mengi yanapokosea kwa kusema Waswahili walikuwa nje na Wareno ndani. Watu wa Faza walikuwa ndani. Faza na Pate ni miji ya kisiwa kimoja, na uhasama wao ni wa kale. Pate ikielekea kwa Waomani, Faza ilibaki na Mreno. Siasa ya pwani ilikuwa ya mji na mji, ukoo na ukoo, na anayekuja na merikebu hutumiwa kama silaha ya ugomvi uliokuwapo kabla yake.

Nini kilikwenda kombo ndani? Nenda kwenye birika la maji ya mvua lililo uani, halafu kwenye kisima. Kisima kilichimbwa na Waarabu baadaye, kina chake kinazidi mita 20, lakini maji yake ni ya chumvi, ya kuoshea tu. Maji ya kunywa yalitegemea mvua na birika. Ongeza hapo watu mamia wakilala, wakipika na kujisaidia ndani ya kuta hizo kwa mwaka mzima, wakati chakula kinaingia kwa kuvizia usiku. Maradhi yakaingia. Nahodha João Rodrigues Leão alikufa mwaka ule ule wa 1696. Msaada ulifika Desemba, nao walioshuka wakaanza kufa. Kufikia katikati ya 1697 hakuna Mreno wa kikosi aliyebaki hai. Aliyekuwa ameishika ngome ni Bwana Daud wa Faza, akiwa na watu 17 wa jamaa yake, wanaume wanane Waafrika na wanawake Waafrika 50.

Rudia hesabu uliyoifanya juu ya kuta. Wanaume wasiozidi thelathini, na wanawake hamsini. Wanawake ndio waliokuwa wengi, na ngome haikuanguka. Haiwezekani walikuwa wakipika tu. Habari hii peke yake ingestahili ukumbi mzima, yenye ramani ya nani alisimama wapi, na kila mtoto wa shule wa Pwani angepaswa kuisikia akiwa pale pale juu ya ukuta. Ikiwa kiongozi wako haitaji, mwombe aitaje.

Msaada mwingine uliingia Septemba 1697 ukitokea kusini, Msumbiji. Kwa nini Septemba, na kwa nini kusini? Kwa sababu ya pepo. Meli ya Goa inakuja na kaskazi, yaani kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Kusi ikivuma, Goa haina la kufanya, na wa kuja ni yule aliye Msumbiji. Mabaharia wetu wa majahazi wanaijua ratiba hii mpaka leo. Mzingiro wa karibu miaka mitatu ulitawaliwa na kalenda hiyo zaidi ya ushujaa wa mtu yeyote: Waomani walijua ni miezi ipi hakuna atakayekuja.

Ukishayaweka hayo, ingia makumbusho utazame vitu vya Santo António de Tanná. Hiyo ilikuwa manowari ya Kireno iliyoundwa Bassein, India, iliyokuja na msaada huo, ikazama mbele ya ngome Oktoba 1697. Wapiga mbizi wa akiolojia waliifanyia kazi kati ya 1977 na 1980, na vilivyotolewa chini ya bahari vipo ukumbini. Hii ndiyo sehemu iliyopangwa vizuri kuliko zote. Wengi hutazama mizinga na kupita. Simama zaidi kwenye vyombo vidogo, vya kulia na kuhifadhia, kwa sababu ndivyo vinavyokuonyesha meli ilibeba watu wa aina gani na walitarajia kukaa muda gani. Vyombo vya udongo vya pwani vilivyomo katika makumbusho hayo hayo navyo vifanyie haki yake: sahani ya Kichina ilikuwa ya kuonyesha, chungu cha hapa ndicho kilicholisha mji.

Mwisho wa mzingiro ulikuwa mfupi. Asubuhi ya 13 Desemba 1698 ndani walikuwa wamebaki nahodha, watu tisa na padri mmoja. Waomani walichagua ukuta usio na mtu, wakapanda, na ulinzi ukavunjika kwa kama nusu saa. Siku chache baadaye meli za msaada kutoka Goa zikatokea, zikaona bendera ya Oman, zikageuza. Kaskazi ilizileta, lakini ilikuwa imechelewa kwa wiki moja.

Mahali ambapo ziara nyingi huharakisha ni karne ya kumi na nane, na kwetu sisi ndiyo tamu. Mwaka 1728, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vinaichoma Oman na kikosi cha ngomeni kikiwa kimegombana chenyewe, Wareno walirudi Machi, wakaichukua ngome karibu bila jasho. Walidhani mji umewapokea. Mji ulikuwa umewatumia. Walipoanza kutawala kwa ubabe ule ule wa zamani, 1729 watu wa Mombasa wakainuka wenyewe, bila meli ya Oman, wakawafungia ngomeni na kuwakatia chakula. Novemba mwaka huo kikosi cha Wareno kilisalimu amri na kuondoka kuelekea Msumbiji, na hawakurudi tena. Waliofanya hivyo hawakuwa jeshi la mfalme. Mji haukuwa na mfalme. Walikuwa wanamgambo wa mitaa na wa bara, chini ya mashehe wao.

Hapo ndipo unapohitaji kuyajua Mataifa. Mombasa ilikuwa na mashirikisho mawili. Tisa Taifa walikuwa Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Tatu Taifa walikuwa Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Soma majina ya wale tisa polepole: Kilifi, Mtwapa, Shaka, Faza, Pate. Mengi ni majina ya miji mingine ya pwani, ambayo watu wake walihamia Mombasa kwa makundi na kubaki na jina lao, shehe wao na mtaa wao. Kwa hiyo uraia wa mji ulikuwa wa kuingia kupitia taifa. Kila taifa lilikuwa na wazee wake, na kila shirikisho lilikuwa na mkuu. Wa Tatu Taifa aliitwa Tamimu. Hakuna liwali (gavana) aliyeweza kutoza, kupigana wala kufanya mkataba bila kukaa na hao.

Na kila upande ulikuwa na wenzao bara. Wakilindini na Watangana walishikamana na Wadigo, Wachangamwe na Waduruma, na Tisa Taifa na Warabai, Wagiriama, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Uhusiano huu ulikuwa na gharama zake: wazee wa bara wakija mjini hupokewa, hulishwa na kupewa nguo, na asiyetoa heshima hiyo hapati mtu siku ya vita. Wakati wa amani njia hiyo hiyo ilileta nafaka, pembe na sandarusi sokoni. Wakati wa mzingiro ilileta wapiga pinde wenye mishale ya utsungu, ile sumu ambayo Wagiriama waliitengeneza na kuiuza. Kisiwa cha Mombasa kinalishwa kutoka bara. Aliye na ngome bila Makupa na bila Wamijikenda ana jengo zuri na njaa. Wareno walilitambua hilo mapema, ndiyo maana waliweka vituo vya ulinzi kwenye kivuko cha Makupa baada ya Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa Zambezi, kupita hapo 1589.

Baada ya 1729 mji ulipeleka ujumbe Muscat, na imamu, mtawala wa Oman, akaleta tena maliwali. Chini ya hao wakapanda Mazrui. Sasa tafuta ukumbi wa Mazrui, upande wa baharini. Ndani utaona maandishi na nakshi za ukutani zinazofifia, na mbao za juu zilizobaki kutoka wakati wao. Ni chumba kidogo kwa jina kubwa namna hiyo, na udogo wake unafundisha: mtawala wa Mombasa alikaa barazani na watu wake, si kwenye ukumbi wa kifalme. Mwaka 1746 imamu mpya wa Oman alituma watu waliojifanya wamekosana naye. Wakaingia ngomeni wakamwua liwali Muhammad bin Uthman na kumfunga ndugu yake Ali. Ali akatoroshwa, akakimbilia kwa wenyeji na bara, na akarudi nao kuitwaa ngome. Hapo uhuru wa Mombasa ukaanza kweli. Ulinunuliwa na mji, na mji ukaukumbusha ukoo wa Mazrui deni hilo kwa miaka 90.

Karibu na hapo ipo njia ya matao iliyochongwa ndani ya mwamba kushuka baharini. Usiiache. Ilikuwa ya kupitishia watu na mizigo kutoka mashuani bila kuzunguka langoni, na ukiisimamia chini unaelewa jinsi mzingiro ulivyoweza kuvuja usiku. Ukiweza, pangilia siku yako na maji: maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, mwamba unaobeba ngome unaonekana wote kutoka baharini. Wenye mashua za Mji wa Kale wanaweza kukuzungusha. Patana nao kwa saa, si kwa kichwa.

Upande wa michoro, kuna kipande cha ukuta chenye michoro ya askari wa Kireno, iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu: meli, watu, kanisa. Wapo wanaoiona kama mchezo wa kitoto. Watazame zile meli. Mtu aliyekuwa zamu bomani, akiingoja meli isiyokuja, ndiye aliyezichora kwa uangalifu wa namna ile, kamba kwa kamba.

Nyumba ya Kiomani iliyo kwenye boma la San Felipe ina vito, nguo na vyombo vya nyumbani. Imepangwa kwa upendo, na dari lake linakupa mwonekano mzuri wa Mji wa Kale. Lakini ni ya baadaye, na haikuelezi chochote kuhusu vita. Itazame kwa dakika kumi na tano, uhifadhi nguvu zako.

Kipindi cha mwisho cha mizingiro ni cha Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Alikuja na meli 1828, 1829 na 1833, na mara zote Mombasa ikamtoa au ikaubatilisha ushindi wake. Kabla yake Mazrui walijaribu kujikinga chini ya bendera ya Uingereza, ambayo Kapteni Owen aliipandisha 1824 na serikali yake ikaishusha 1826. Hizo ndizo enzi za Muyaka bin Haji, ambaye mashairi yake yalikwenda baraza kwa baraza yakiwahimiza Wamvita na kuwakejeli wa Zanzibar. Silaha nyingine ya mji, nayo ilifika mbali kuliko mzinga. Kilichoangusha Mombasa 1837 hakikuwa mizinga. Baada ya liwali Salim bin Ahmad kufariki 1835, Mazrui waligombea urithi wakafarakana, na wakuu wa Tatu Taifa, waliokuwa na machungu ya muda mrefu ya kuwekwa nyuma ya Tisa Taifa, wakaelekea kwa Said. Shirikisho moja liliponyanyua mkono, ngome ikakabidhiwa. Wakuu wa Mazrui walikamatwa kwa hila wakapelekwa Bandar Abbas na hawakurudi. Waliosalimika wakahamia Takaungu na Gazi.

Tungependa makumbusho yaweke ramani moja kubwa ukutani: Mataifa kumi na mawili, mitaa yao, na washirika wao bara, yenye mishale ya 1729, 1746 na 1837. Ni kazi ya ubao mmoja na ingebadilisha ziara nzima. Vivyo hivyo kuhusu Kiswahili: wageni wengi wa siku za wiki ni wanafunzi wa Pwani na familia za Kenya, na maelezo yanayowahusu babu zao yanastahili kuwapo kwa lugha yao kwa urefu ule ule wa Kiingereza.

Sehemu ya jela, 1895 hadi 1958, na kisa cha Januari 1875, meli za Waingereza zilipoipiga ngome kumtoa akida (mkuu wa kikosi) Muhammad bin Abdallah Bakhashweni aliyemwasi sultani, zinaweza kusomwa kwa dakika chache. Ngome ilifanywa mnara wa taifa 1958, ikageuzwa makumbusho baada ya mwanaakiolojia James Kirkman kuichimba, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011.

Ukitoka, madafu yanauzwa nje. Usipande tuktuk bado. Kata kulia uingie Ndia Kuu, utembee hadi msikiti wa Mandhry, unaotajwa kuwa wa 1570, yaani wakubwa wake waliuona msingi wa ngome ukichimbwa. Hapo upo kwenye mji wa Tisa Taifa. Mwenye muda zaidi avuke kisiwa mpaka upande wa Kilindini, ambako Tatu Taifa walikuwa na mji wao kabla ya kuhamia huku katika karne ya kumi na tisa, kisha arudi kwa njia ya Makupa. Panda matatu ya kwenda Changamwe, kaa dirishani upande wowote, na uangalie jinsi maji yanavyokuwa membamba pale darajani.